Karatasi ya Kitanda cha Tisa

Muuguzi mmoja wa wodi ya watoto aliacha kushika miguu ya wagonjwa wake, na hakujua kwamba ameacha. Tatizo lenyewe ndilo hilo. Mengine yote yalianzia hapo.

Miguu si jambo dogo kwenye kazi ile. Mtoto wa mwaka mmoja hakwambii panapomuuma. Ana njaa, analia. Ana homa, analia. Mama yake ametoka kidogo kwenda msalani, analia vilevile. Lakini mwili wake ukianza kuishiwa nguvu, damu inakimbilia ndani kulinda moyo, na miguu ndiyo inayoachwa mwanzo. Vidole vinapoa, kisha nyayo, kisha baridi inaanza kupanda. Ukiikuta kwenye nyayo, una saa chache za kufanya kitu. Ukiikuta magotini, una dakika. Na mara nyingi mtoto wa namna hiyo ndiye aliyenyamaza, asiyemsumbua mtu, katikati ya wodi nzima inayopiga kelele.

Hayo aliyajua kuliko mtu yeyote pale. Kwa miaka mingi hakupokea zamu akiwa amekaa kwenye kiti. Wenzake walitaka wapokezane mezani, karatasi moja baada ya nyingine, huyu hajambo, huyu vilevile, weka saini hapa, kwaheri. Yeye alikataa. Alimkokota anayetoka zamu, begi likiwa tayari begani, kitanda baada ya kitanda, na kila walipofika alifunua shuka akaifumbata miguu ya mtoto kwa mikono miwili. Wauguzi walimwita Fundi Viatu. Akitokea mlangoni, mmoja wao angetangaza kwamba fundi amefika, mwenye soli iliyotoboka ajitokeze. Watoto walimwita Mjomba, na jina hilo ndilo lililomganda, kwa sababu alikuwa na tabia za kijomba kwelikweli. Alipuliza glavu ikawa jogoo mwenye kishungi cha vidole vitano, akamchora macho kwa kalamu. Mtoto anayechomwa sindano aliruhusiwa kumtukana Mjomba mpaka Mjomba ahesabu kumi. Wapo waliomtukana hadi mama zao wakatamani kujificha chini ya vitanda.

Wodi ilikuwa na vitanda ishirini na nne. Watoto walikuwa thelathini na kitu, wengi wao wawiliwawili kitandani, mmoja kichwa huku na mwingine kichwa kule. Mama zao walilala chini kwenye mikeka. Bomba lilikuwa moja, na kichwa chake kilishakatika, kwa hiyo lilifunguliwa kwa koleo lililofungwa kamba ukutani lisitembee. Kwa kila zamu ya mchana walitakiwa wauguzi watano. Kisha mmoja akaenda kujifungua. Mwingine akahamishwa. Mwingine akaandika barua ya kuacha kazi, akafungua duka la vipodozi, na kila aliyepita dukani kwake alirudi na habari kwamba amenawiri na anacheka ovyo. Nafasi zao hazikujazwa. Wakabaki wawili, na siku mbaya alibaki mmoja.

Halafu ukaja mwezi ambao walikufa watoto tisa. Wawili walikufa siku moja, kitanda kimoja. Mjomba ndiye aliyewafunga shuka wote tisa, kwa sababu wenzake walisema mikono yake haitetemeki. Wa kwanza alimlilia chooni. Wa tatu alimlilia njiani akirudi nyumbani. Alipofika wa sita alijisikia kama mtu anayehamisha ndoo kutoka hapa kwenda pale. Wa tisa, mama yake alipoanguka sakafuni, Mjomba alitazama saa ya ukutani, akaona zimebaki dakika arobaini zamu iishe, akafurahi.

Akaenda kwa Matroni kuomba likizo. Matroni alikuwa mama mtu mzima, mnyoofu, ambaye miguu yake ilikuwa imevimba kwa kusimama hadi akawa anavaa kandambili ofisini. Hakumfokea. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia amtajie jina la mtu atakayebaki wodini, asaini ruhusa hapohapo. Mjomba hakuwa na jina la kumtajia. Baada ya miezi miwili alirudi tena. Safari hii Matroni alivuta droo akamwonyesha barua tano za kuomba likizo, na ya juu kabisa ilikuwa ya kwake mwenyewe. Alirudisha droo ndani. Hawakulizungumza tena jambo hilo.

Sasa kuhusu karatasi. Kila mtoto alikuwa na karatasi yake mbele ya kitanda, na kila baada ya saa mbili muuguzi alitakiwa aandike joto, mapigo ya moyo, pumzi, na kama mtoto amewekewa dripu, maji kiasi gani yameingia. Watoto thelathini na sita kwa mtu mmoja, kila saa mbili. Atakayekwambia kwamba inawezekana, mwombe akaonyeshe.

Mjomba alianza kwa kuruka safu moja akaijaza baadaye. Kisha akagundua kwamba akikaa nusu saa asubuhi na karatasi zote, anaweza kuijaza zamu nzima kwa mkupuo: saa mbili, saa nne, saa sita, saa nane. Alichukua namba za jana akazipandisha kidogo hapa, akazishusha kidogo pale, zionekane zina uhai. Alikuwa anawajua watoto, anaijua kazi, na mara nyingi alichoandika ndicho kilichokuja kuwa. Hapo ndipo palipomponza. Angekuwa anakosea kila siku, angeacha. Hakuuita uongo. Aliuita kutangulia kazi.

Watu wa ofisini walipokuja kukagua, karatasi zilizowapendeza zilikuwa zake. Hazikuwa na doa, hazikukosa saa hata moja, mwandiko umenyooka kama umepigiwa rula. Matroni akaitundika moja kwenye ubao wa matangazo iwe mfano kwa wengine. Karatasi za muuguzi anayegusa watoto haziko hivyo. Zina matone ya dawa. Zina saa nne na dakika ishirini na tatu, kwa sababu hapo ndipo alipopata nafasi. Zina mahali pameandikwa amekataa, amenipiga teke la tumbo, nitajaribu tena. Karatasi za Mjomba za zamani zilikuwa za namna hiyo, na hakuna aliyezitundika popote.

Nyumbani alikuwa na mke na binti wa miaka minane. Mke alikuwa fundi cherehani, anashonea barazani, na zamani mumewe akirudi kazini alivuta kigoda karibu na cherehani akasimulia: leo fulani kanitukana hivi, leo fulani kameza kifungo. Mke alicheka mpaka sindano ikaenda upande. Sasa hakuwa na hadithi. Tena hakurudi kwa wakati. Zamu ilikuwa ikiisha saa nane na nusu mchana, naye alifika nyumbani saa kumi, saa kumi na moja.

Alikuwa anakwenda nyuma ya hospitali, palipoanikwa mashuka. Kulikuwa na ndoo moja mbovu, akaigeuza juu chini, akaikalia katikati ya kamba. Mashuka yaliyolowa yalimzunguka pande zote, haonwi na haoni. Hakuvuta sigara wala hakushika simu. Hakuwaza kitu ambacho angeweza kukwambia. Alikaa tu, matone yakimdondokea mabegani, kwa sababu pale palikuwa mahali pekee duniani ambapo hakuna mtu atakayemwita Mjomba, wala Daktari kama walivyomwita akina mama wa wodini, wala Baba.

Mke alihesabu zile saa akafikia uamuzi ambao mke yeyote angeufikia. Hakuuliza mwenyewe. Alimtuma kaka yake. Shemeji alikuja kwa njia ya utani, akamkalisha mwenzake pembeni, akamwambia wao ni wanaume, amwambie ukweli tu, huyo bibi ana nyumba yake au naye amepanga. Mjomba akamjibu kwamba anakaa kwenye mashuka. Shemeji akauliza mashuka ya nani. Mjomba akasema ya hospitali, yaliyoanikwa, anakaa katikati juu ya ndoo. Shemeji alicheka hadi akakohoa, akaenda kumwambia dada yake kwamba uongo mbovu kiasi kile hautungwi na mwanamume mwenye akili zake, kwa hiyo ama ni kweli, ama mtu wake anaumwa.

Mke akauliza anaumwa nini. Mjomba akasema amechoka.

"Hata mimi nachoka," mke alimwambia. "Lakini mimi nikichoka, nasema na watu."

Alikuwa akingoja jibu. Mjomba naye aliona kwamba anangoja, akaenda kuoga.

Binti yake zamani alikuwa na desturi ya kulala kwenye kochi jioni na kumrushia baba yake miguu pajani, naye akaifumbata kama afanyavyo wodini, bila hata kuacha kutazama taarifa ya habari. Desturi hiyo nayo ilikufa, na hakuna aliyekumbuka siku iliyokufa. Mtoto alijifunza kwamba Baba akiingia aachwe kwanza. Mchana mmoja akapatwa na homa. Mama mtu akamwita mumewe aje amwone, mtoto wa muuguzi naye apate basi faida ya kuwa mtoto wa muuguzi. Mjomba alisimama mlangoni mwa chumba. Akasema apewe nusu kidonge cha kushusha homa na maji mengi. Hakuingia.

Alipogeuka, alimsikia binti yake akimuuliza mama, kwa sauti ya chini ya mtu anayetaka kujua tu:

"Baba amechoka na watoto wote, au mimi peke yangu?"

Mjomba alisimama ukumbini akangoja imwume. Haikumuuma. Hapo alijiogopa kidogo, kama mtu aliyekanyaga msumari, anaiona damu, hasikii kitu. Kisha hata ule woga ukapita.

Siku yenyewe ilikuwa ya nane mfululizo bila mapumziko. Alifika wodini saa moja na nusu asubuhi. Muuguzi aliyekesha alikuwa ameinuka kwenda kumwonyesha vitanda kama kawaida ya Mjomba, akamkuta ameshavuta kiti. Alishangaa, lakini alikuwa na usingizi, hakuuliza. Wakapokezana mezani. Watoto thelathini na sita kwa dakika nne.

Kitanda cha tisa alilala mtoto wa kiume wa miezi kumi na minne. Aliletwa kwa kuharisha na kutapika, mwili umekauka, macho yamezama. Mama yake hata miaka ishirini hakuwa amefika, na alikuwa hajalala siku tatu. Daktari aliyempokea aliandika awekewe chupa mbili za maji, lakini polepole sana, kwa sababu kifuani alisikia mlio kwenye moyo ambao hakuupenda, na moyo mbovu ukijazwa maji unazama. Chupa ya kwanza iishe saa sita, kisha ifuate ya pili.

Muuguzi wa usiku aliitundika ile ya kwanza saa moja asubuhi. Alipotaka kumbadilisha mtoto nguo iliyochafuka, alifunga kile kigurudumu kidogo cha kwenye mpira wa dripu ili maji yasimame, akambadilisha, akaitwa aje kukabidhi zamu. Kigurudumu akakisahau. Ni jambo linalotokea kila siku. Anayepokea zamu akisimama mbele ya kitanda analiona, anakisukuma kwa kidole gumba, mchezo umekwisha. Ndiyo maana watu hupokezana kwa kutembea.

Mjomba alijaza karatasi. Kitanda cha tisa: saa mbili, maji yanaingia. Saa nne, maji yanaingia. Saa sita, chupa ya kwanza imekwisha, ya pili imetundikwa. Saa nane, maji yanaingia, hali inaridhisha.

Kisha akainuka akafanya kazi. Usidhani alikaa. Alichoma sindano, akalisha kwa mpira watoto wawili wasioweza kumeza, akashughulika na mtoto wa kitanda cha pili aliyepata degedege, akaamua ugomvi wa akina mama wawili juu ya beseni. Mikono yake ilikwenda kama cherehani ya mkewe. Kitanda cha tisa alikipita mara sita au saba, na mara zote aliona shuka na chini yake mtoto asiyesumbua.

Saa tano yule mama mdogo akaja mezani. Asubuhi mwanawe alikuwa akilia kilio kikavu, bila machozi. Sasa alikuwa ameacha. Mama alisimama mbele ya meza, mikono ameikutanisha kama mtu aliyekuja kuomba radhi.

"Daktari, mtoto amenyamaza."

Zamani hapo miguu ya Mjomba ingekuwa imeshasimama kabla neno la mwisho halijatoka. Siku ile aliinua kichwa kutoka kwenye sinia ya sindano, na alichosikia ni mabega yake yakilegea kwa shukrani. Amepungua mmoja.

"Mwache alale," alimwambia. "Na wewe lala kidogo, mama."

Mama alimshukuru. Kwa siku tatu hakuna mtu aliyemwambia alale. Akarudi akajinyoosha kwenye mkeka wake chini ya kitanda, na usingizi ukambeba palepale.

Saa nane na robo akaingia muuguzi wa kupokea zamu. Huyu alikuwa dada aliyemaliza masomo miaka minne iliyopita, lakini alifanya mafunzo yake chini ya Mjomba, na Mjomba akaendelea kumwita Mwanafunzi mpaka wodi nzima ikafuata. Hata mshahara wake, walimtania, unakuja kwa jina la Mwanafunzi. Aliweka begi chini, akasimama mwisho wa meza akimngoja mwalimu wake ainuke. Mjomba hakuinuka. Alivuta karatasi zilizopangwa vizuri, akaanza: kitanda cha kwanza hajambo, cha pili alipata degedege saa tatu, sasa ametulia.

Mwanafunzi alidhani ni utani. Akamuuliza, kwani leo hatutembei? Mjomba akamjibu kwamba magoti yanamsumbua, karatasi zimekamilika, asaini tu. Alisema hayo bila kuinua macho. Mwanafunzi akaenda peke yake. Alianza kitanda cha kwanza. Alifunua shuka, akashika miguu, akafunika, akaenda cha pili. Nyuma yake Mjomba alikuwa bado anasoma kwa sauti, cha nne hajambo, cha tano vilevile, akikiambia kiti kitupu.

Mjomba alipofika cha nane katika kusoma kwake, Mwanafunzi akamwita kutoka kitanda cha tisa. Hakupiga kelele.

"Mjomba, njoo."

Alikuwa ameufumbata mguu wa mtoto kwa mikono miwili, na mkono wa juu ulikuwa chini kidogo ya goti.

"Ni baridi mpaka hapa."

Daktari wa zamu alifika mbio, kijana, jasho kwenye kola. Matroni alikuja nyuma yake na kandambili zake. Daktari alimfunua mtoto, akambinya kidole, akasikiliza kifua, akasikiliza tena. Akatazama juu: chupa ilikuwa karibu imejaa. Akashuka na mpira kwa macho: kigurudumu kimefungwa. Akachukua karatasi akaisoma kutoka juu hadi chini.

Akafikiri kwa sauti, kwa sababu hakukuwa na muda wa kufikiri kwa namna nyingine. Kama hii ni chupa ya pili, ya kwanza yote imo ndani ya mtoto, basi hajakauka, moyo ndio umeshindwa, na wakiongeza hata kidogo wanamzamisha. Achomwe dawa ya kutoa maji. Lakini kama maji hayakuingia, mtoto huyu hana kitu mwilini, na hiyo dawa ya kutoa maji itamaliza kazi. Alisikiliza kifua mara ya tatu, na kifua hakikumjibu. Chupa tupu zilikuwapo kwenye ndoo ya taka, kumi au kumi na tano, na hazikuwa na majina.

"Ya kwanza iliisha?" aliuliza.

Karatasi ilikuwa imeshajibu. Mwanafunzi aliiona, na aliona kwamba wino wa saa mbili na wino wa saa nane ni wa mkao mmoja, mpaka safu ambayo saa yake ilikuwa ndiyo kwanza imepita. Akatazama sakafu. Hakuwa mtu wa kumchoma mwalimu wake. Matroni naye aliitazama, ilikuwa safi kama ile ya kwenye ubao wake, akafumba mdomo. Mjomba hakutakiwa kusema uongo wowote. Alitakiwa kunyamaza tu, na karatasi ingemsemea kwa mwandiko mzuri.

Yule mama mdogo alikuwa ametoka chini ya kitanda, michirizi ya mkeka imemchora shavuni. Aliona nyuso zile, na akafikiri mtu anatafutwa wa kulaumiwa, akataka kumtetea aliyemtendea wema.

"Daktari alimwona," alisema, akimwonyesha Mjomba. "Saa tano. Alisema nimwache alale."

Mkono wa daktari ulikuwa tayari kwenye kichupa cha dawa ya kutoa maji.

"Hiyo ni ya kwanza," Mjomba alisema. "Tangu nimeingia hajapata hata tone. Sijamgusa. Karatasi yote niliijaza asubuhi."

Daktari hata hakumtazama. Aliweka kichupa chini, akafungua kigurudumu mpaka mwisho, akaagiza bomba kubwa la sindano asukume maji kwa mkono. Mwanafunzi akatafuta mshipa wa pili, akaupata mguuni katika jaribio la tatu. Matroni aliivua karatasi kwenye ubao wa kitanda, akaikunja mara mbili akaitia mfukoni. Kila mtu alikuwa na la kufanya. Mjomba hakuambiwa aondoke wala abaki. Alisimama miguuni pa kitanda, mikono inaning'inia, na wazo lililomjia kichwani, ambalo hakuwahi kumwambia mtu, lilikuwa kwamba sasa watamruhusu akalale.

Aibu ilimfikia siku ya tatu, mchana, akiwa nyumbani ananyoa ndevu. Ilikuja yote kwa pamoja. Mkewe aliacha cherehani akamkuta amekaa sakafuni pa bafu, povu limemkaukia shavu moja. Hakuuliza. Alikaa naye chini hapohapo mpaka jioni, na ule ndio muda mrefu kuliko wote waliokaa pamoja mwaka ule. Siku iliyofuata mke alikwenda mwenyewe nyuma ya hospitali. Aliiona ndoo. Aliikalia kidogo, mashuka yakamdondokea, akarudi nyumbani.

Kilichopotea ni hiki.

Mtoto alipona, kwa maana ya kwamba hakufa. Alikaa siku kumi na moja katika chumba cha mahututi. Figo zake zilisimama siku nne, zikarudi nusunusu, na hadi leo anapelekwa kupimwa kila mwezi.

Mama yake, siku ya kuondoka, alimkuta Mjomba kwenye ukumbi, amekuja kuitikia wito wa kamati ya nidhamu. Hakumfokea. Alimwambia kwamba alilala kwa sababu yeye alimwambia alale. Basi, akapita. Inasemekana mtoto akilala, yeye hukaa macho.

Kamati ilikuwa ya watu watano na ilikaa dakika arobaini. Hakuna aliyeuliza wodi ina wauguzi wangapi. Mjomba alisimamishwa miezi mitatu, kisha akapelekwa stoo, ambako hakuna mtoto. Huko anahesabu maboksi ya glavu, mia kwa kila boksi, na hajapuliza hata moja.

Wodi haikuletewa mtu. Mwanafunzi sasa ana watoto thelathini na sita peke yake. Juzi alikuja stoo kuchukua pamba, macho mekundu, na Mjomba akamuuliza kama bado anatembea kushika miguu. Akajibu kwamba akipata muda. Alisaini akaondoka, na saini yake ilikuwa imenyooka vizuri sana.

Stoo inafungwa saa tisa. Mjomba anawahi nyumbani kabla binti yake hajatoka kucheza. Jioni moja alikaa kwenye kochi, akajipigapiga paja, akamwambia alete miguu.

"Mimi siumwi, Baba," binti alisema, kwa heshima kabisa, akachukua kamba yake ya kuruka akatoka nje.

Kwa hiyo ukijumlisha: figo mbili za mtoto mmoja, usingizi wa mama mmoja, kazi ya miaka kumi na tisa, muuguzi mmoja wodini ambako walikuwa wawili, na miguu miwili ya mtoto wa miaka minane, ambayo mpaka sasa haijarudi pajani.